FUNDISHO LA FEZA: WAKATI BANKI INAKOSEA MU KONTI YAKO



Mara hii tunaleta fundisho la hesabu, lakini si hesabu ya ubao tu. Ni hesabu ya feza ambayo mutu aliitokea jasho, akaiweka ku banki, kisha siku moja anaona kwamba kartasi ya banki haisemi vile yeye anajua. Wengi wenu hamuna konti. Lakini wazazi wenu wanayo, na kesho ninyi pia mutakuwa nayo. Tena wengi wenu ndio munaotumwa na feza za wazee, kwa sababu munajua kusoma. Kwa hiyo fundisho hili ni lenu.

Tuanze na habari ambayo ilitupata sisi wenyewe, miaka michache mbele ya vita ya 2025. Hatutataja jina la mutu wala la banki.

1. HABARI YA DOLARE 45

Mwanafunzi wetu moja alikuwa anakaa kwa baba yake mudogo hapa Kingi. Baba mudogo aliuza ngombe, akachukua dolare 150, akamupa kijana azipeleke ku banki Goma. Ilikuwa feza ya minervali ya watoto watatu. Kijana akapanda gari, akapita Sake, akafika, akaweka, akarudi jioni. Mvua ilimunyeshea njiani, na ile kartasi ndogo ya kuweka feza, yenye tunaita bordero, ikaloana ndani ya mufuko, ikapasuka, ikapotea. Lakini karne ya banki ilikuwa imefungwa vizuri mu saketi. Akampa baba mudogo.

Baba mudogo hakuifungua. Aliifungua mwezi ulipokwisha, siku ya kutaka kutoa feza. Humo mulikuwa mumeandikwa: 105.

Akamwita kijana. “Dolare 45 iko wapi?”

“Baba mudogo, sikukula kitu. Mi niliweka yote vile ulinipaka.”

“Karne inasema bongo?”

Kijana akakosa jibu. Usiku ule alifukuzwa ku nyumba. Akalala kwa rafiki wiki mbili, na masomo akaja siku moja-moja tu. Na sisi walimu tulifanya nini? Yeye ndiye alikuwa anachunga sanduku la feza za darasa. Tuliposikia habari, tukamunyanganya ufunguo mbele ya wenzake. Hatukumuuliza hata neno moja. Tulisema mu roho: karne ni kartasi ya banki, na banki haikosei.

Wazo hilo ndilo kosa la kwanza. Banki inakosea. Anayeandika ni mutu, anachoka, gishe inajaa watu, saa ya kufunga inakaribia. Hata mashini inaandika tu ile nimero ambayo kidole kilifinya.

2. KUSOMA KARTASI YA BANKI

Kabla ya kusema banki imekosea, sherti ujue kusoma kartasi yake. Hapo wanafunzi wa komersiali wanachanganyikiwa sana. Mu darasa wanajifunza kwamba feza ikiingia mu kesi, unaiandika ku debi. Lakini ku kartasi ya banki wanaona feza waliyoweka imeandikwa ku kredi. Wanasema: “Banki imegeuza!”

Haijageuza kitu. Kartasi ile ni kitabu cha banki, si kitabu chako. Unapoweka dolare 20, banki inakuwa na deni lako la dolare 20. Ndiyo sababu inaziandika ku kredi: inakubali kwamba inapashwa kukurudishia. Ukitoa 5, deni lake linapunguka, inaandika debi. Basi kama wewe nawe ungeandika kitabu chako, vitabu viwili vingekuwa kama mutu na sura yake ndani ya kioo: kuume kwa moja ni kushoto kwa mwengine.

Ufundi huu wa kuandika kila feza mara mbili si wa jana. Wafanyabiashara wa Italia walikuwa nao zamani, na mu mwaka wa 1494 mutawa Luca Pacioli alichapisha kule Venezia kitabu cha hesabu chenye kuueleza. Sababu ya kuandika mara mbili ni hii: ili kosa lionekane. Mutu mwenye kuandika upande moja tu hana kitu cha kulinganisha.

Kwa hiyo amri ya kwanza: uwe na kaye yako. Kila siku ya kuweka ao kutoa, andika tarehe, feza ngapi, nani alipeleka, na inayobaki. Kaye ya faranga kidogo inaweza kuokoa ngombe muzima.

3. KUTAFUTA KOSA KWA HESABU

Tuseme kaye yako na karne ya banki hazipatani. Usipige kelele. Kwanza toa ndogo ndani ya kubwa, upate tofauti. Halafu fanya majaribio matatu.

(a) Gawanya tofauti kwa 9. Kama inagawanyika bila kubakiza, pengine tarakimu mbili zimebadilishana nafasi. Sababu yake munaijua mu aljebra. Tuseme tarakimu ni a na b. Nimero ya kweli ni 10a + b, ya makosa ni 10b + a. Toa moja kwa nyingine: inabaki 9a – 9b, ndiyo 9(a – b). Siku zote ni 9 mara kitu. Kwa mufano 84 na 48: tofauti ni 36, na 36 ni 9 × 4, na 8 inapita 4 kwa 4.

(b) Jaribu pia sifuri. Kama dolare 20 ziliandikwa 200, tofauti ni 180. Gawanya kwa 9, unapata 20, ile feza yenyewe. Basi ukipata jibu la namna hii, angalia kama iko siku uliweka ao ulitoa kiasi kile.

(c) Gawanya tofauti kwa 2. Kama uliweka 60 na karani akaiandika upande wa kutoa, tofauti haitakuwa 60, itakuwa 120: ile 60 haikuongezwa, tena 60 ingine ikatolewa. Kwa hiyo tafuta nusu ya tofauti ndani ya kaye yako.

Kama majaribio yote matatu yanakataa, tafuta feza ambayo haikuandikwa kabisa, ao iliyoandikwa mara mbili, ao iliyoingia mu konti ya mutu mwengine mwenye jina kama lako.

Lakini muangalie vizuri. Kugawanya kwa 9 hakuhakikishi kitu. Mwizi naye anaweza kuiba dolare 45. Hesabu inaonyesha tu mahali pa kutafuta. Kinachohakikisha ni kartasi.

4. SI KILA UPUNGUFU NI KOSA

Mara ingine feza inapunguka na hakuna mutu aliyekosea. Banki nyingi zinakata malipo ya kutunza konti, ao ya kutoa feza, ao ya kutuma. Hayo yameandikwa ku masharti ambayo ulitia sinyature siku ya kufungua konti. Wengi wanatia sinyature bila kusoma. Usifanye hivyo. Uliza: “Kila mwezi munakata ngapi? Nikitoa, munakata ngapi?” Andika jibu mu kaye.

Tena kuna wazee wenye karne za zamani mu sanduku, wanasema banki ilikula mamilioni yao. Hapo tunapashwa kuwaeleza kwa heshima, kwa sababu uchungu wao ni wa kweli. Mu mwezi wa Oktoba 1993 serikali ilitoa zaire mpya: zaire 3.000.000 za zamani zikawa zaire mpya 1. Mu mwaka wa 1998 faranga ya Kongo ikarudi: zaire mpya 100.000 zikawa faranga 1. Zidisha mwenyewe: faranga moja ya 1998 ilikuwa na zaire za zamani 300.000.000.000. Babu aliyekuwa na zaire 900.000 ku banki mu 1993 alibaki na zaire mpya 0,30. Karani hakukosea kuandika. Ni feza yenyewe iliyokufa mukononi mwa watu. Kosa la karani linaweza kusahihishwa ku gishe. Lile la namna hii halisahihishwi ku gishe. Basi ujue kwanza unasumbuliwa na gani.

5. NJIA YA KUFUATA

Ukiona kwamba kweli ni kosa, fuata hatua hizi, moja nyuma ya ingine.

Ya kwanza: usitoke ku gishe mbele ya kusoma. Hesabu feza palepale. Angalia bordero: jina, nimero ya konti, tarehe, feza kwa tarakimu na feza kwa maneno, kashe ya banki na sinyature ya kesiye. Fungua karne, soma mustari mupya. Watu nyuma yako watanunguna. Waache wanungune. Kosa linalosahihishwa palepale linakula dakika mbili. Ukirudi kesho linakula siku nzima na bei ya gari.

Ya pili: chunga bordero mupaka uone feza imeandikwa mu karne, na hata nyuma ya pale. Iweke ndani ya saketi, mahali pakavu. Kama uko na telefone, piga picha yake, utume picha kwa mutu mwengine wa nyumba. Sisi wa Kivu ya Kaskazini tunajua sababu: tarehe 17 Januari 2002 moto wa Nyiragongo ulipita katikati ya muji wa Goma, na mu Januari 2025 vita ilipofika Goma, mabanki ya muji yakafunga milango. Watu walikimbia na nguo mwilini tu. Kartasi iliyo mahali pamoja inapotea mara moja.

Ya tatu: rudi upesi. Masiku ya kuleta malalamiko yameandikwa mara nyingi ku masharti ya konti. Na hata kama hayakuandikwa, kosa la wiki hii linatafutwa kwa urahisi kuliko kosa la mwaka uliopita.

Ya ine: sema kwa upole, na uliza neno moja tu: “Tafazali, mutazame bordero ya tarehe fulani.” Usiseme “Muliniibia.” Karani akiitwa mwizi, anaanza kujitetea, hatafuti tena. Na kumbuka, bordero ina kopi: moja inabaki ku banki. Hata kama yako imepotea, yao iko, na tarehe ndiyo ufunguo wake.

Ya tano: kama maneno ya kinywa hayaleti kitu, andika barua. Iwe fupi. Mabanki yetu yanafanya kazi kwa Kifransa, basi mwanafunzi anaweza kusaidia muzazi kuiandika hivyo. Ndani yake muwe mambo haya:

“Bwana mukubwa wa banki, mimi fulani, mwenye konti nimero fulani. Tarehe fulani niliweka dolare fulani, bordero nimero fulani, kopi iko hapa pamoja. Karne yangu inaonyesha dolare fulani. Tofauti ni dolare fulani. Ninaomba mutazame na kusahihisha, na kunijibu kwa barua.”

Fanya kopi mbili. Moja unaacha, ya pili wanakupigia kashe na tarehe ya kupokea. Bila kashe hiyo, kesho watakuambia hawakuona barua.

Ya sita: kama banki inanyamaza, Banki Kuu ya Kongo ndiyo yenye kuchunga mabanki yote ya inchi. Unaweza kuiandikia na kuonyesha ile kopi yenye kashe.

Neno kwa walimu wenzetu: tangu mwaka wa 2011 serikali ilianza kulipa watumishi wake kwa njia ya banki, na walimu wengi sasa mushahara wao unapita mule. Mwalimu aangalie kwamba jina lake linaandikwa sawasawa ku konti, ku liste ya mushahara, na ku karta ya muchaguzi. Herufi moja ikikosekana, mutu anaweza kusimamishwa ku gishe mbele ya feza yake mwenyewe.

6. FEZA YA TELEFONE

Siku hizi konti ya wengi iko ndani ya telefone. Kenya walianza M-Pesa mu mwezi wa Machi 2007, na kwetu Kongo ilifika mu 2012. Kosa kubwa la pale si la karani, ni letu: tunafinya nimero mbaya. Feza inaenda kwa mutu tusiyemujua.

Kwa hiyo, mbele ya kutia nimero ya siri, soma nimero ya kupokea mara mbili, na kama jina linaonekana, lisome pia. Ukikosa, usifute mesaje, kwa sababu ndani yake kuna nimero ya kazi ile, ndiyo bordero yako. Piga simu palepale kwa kampuni ya telefone, ao enda ku biro yao na karta yako. Feza ikiwa ingali mu konti ya yule mutu, kuna tumaini. Akiisha kuitoa kwa ajenti, kampuni haiwezi tena kuichukua mufukoni mwake. Na usipeleke mutu yeyote nimero yako ya siri, hata akisema anataka kukusaidia. Msaada wa kweli hauombi siri.

7. KOSA LIKIANGUKA UPANDE WAKO

Sasa ulizo ambalo wengi hawapendi. Uliweka 20, karne inasema 200. Ao telefone inalia: umepokea faranga 50.000 kutoka kwa mutu usiyemujua. Utafanya nini?

Kijana moja alitujibu mu darasa: “Ni baraka.” Wenzake wakacheka. Lakini si baraka. Sheria ya inchi yetu ya tarehe 30 Julai 1888 juu ya mapatano, ambayo imetoka wakati wa Leopold, inasema wazi kwamba aliyepokea kitu kisichokuwa haki yake anapashwa kukirudisha, hata kama alikipokea kwa kosa la mwengine. Tena banki itaona kosa siku moja, na siku ile utakuwa umeisha kula. Itakuwa deni.

Na zaidi ya sheria: jioni, kesiye anahesabu feza za sanduku. Upungufu ukionekana, ni nani anatazamwa? Ni yeye, hata kama hakuchukua kitu. Mu banki zingine upungufu unakatwa ku mushahara wake. Feza unayoita baraka ni posho ya watoto wa mutu.

Na kama mutu anakupigia simu kusema amekosea, usirudishe wewe mwenyewe kwa haraka, kwa sababu wako wadanganyifu wanaotuma mesaje ya bongo. Tazama kwanza konti yako, si mesaje tu. Kama feza iliingia kweli, uache kampuni yenyewe iirudishe.

8. MWISHO WA HABARI YETU

Yule kijana alisaidiwa na nini? Si sisi tuliomukumbuka. Ni mwalimu moja wa hesabu, mupya, aliyesikia habari mu chumba cha walimu. Akauliza: “Aliweka ngapi? Iliandikwa ngapi?” Tukamwambia 150 na 105. Akachukua choki: “45 gawanya kwa 9 ni 5. Na 5 toa 0 ni 5. Mbele ya kusema mutoto ni mwizi, mutazame ile bordero ya banki.”

Baba mudogo akashuka Goma pamoja na kijana. Waliuliza kwa tarehe. Karani akatafuta mu kartasi za siku ile, akatoa kopi: dolare 150, kwa tarakimu na kwa maneno, na sinyature ya kijana chini. Akaomba radhi, akasahihisha karne, akapiga kashe. Kazi yote haikufika saa moja.

Njiani ya kurudi, baba mudogo akamununulia kijana viatu. Nyumbani akamwomba radhi mbele ya watoto wote, nasi tunamusifu kwa hiyo, kwani si kila muzee anaweza. Sisi nasi tukamwita kijana mbele ya darasa, tukamupa tena ufunguo wa sanduku. Akasema, “Asante, walimu. Mupe mwengine.” Akarudi kukaa.

Hatukuwa na neno la kumujibu. Banki ilisahihisha kosa lake kwa mustari moja. Letu lilikaa naye mupaka akapata diploma.

Ndiyo sababu tumeandika fundisho hili. Ukiona feza haitimii, chukua kaye, fanya hesabu, tafuta kartasi, uliza banki. Kisha tu, kama yote hayo yameisha, ndipo umutazame mutu.

MAULIZO

1. Kaye ya mama inasema inabaki dolare 284. Karne inasema 248. Tafuta tofauti. Utatafuta kosa gani, na kwa nini?

2. Tofauti ni dolare 170. Haigawanyiki kwa 9. Utatafuta feza ngapi mu kaye, na ya upande gani?

3. Eleza kwa nini feza uliyoweka inaandikwa ku kredi mu kartasi ya banki.

4. Bordero yako imepotea. Ni neno gani la kukumbuka ili banki ipate kopi yake?

5. Uliza muzazi moja nyumbani: karne ao kartasi za banki zinachungwa wapi? Ziko mahali pamoja ao pawili? Mwambie yale umesoma hapa.

Majibu ya 1 na 2 yatawekwa ku ubao wa matangazo, karibu na biro ya prefe.